Frasila Mbili: Mzigo wa Mfanyabiashara kutoka Bagamoyo hadi Heathrow

Desemba iliyopita wanne kati yetu tulimsindikiza Heathrow mama wa mwenzetu mmoja. Mama huyu anaishi mashariki ya London, na amekuwa akifanya biashara kati ya hapa na Dar es Salaam tangu sisi tukiwa watoto. Huenda na viatu na nguo za watoto, hurudi na vitenge na khanga. Siku hiyo alikuwa na mabegi mawili makubwa, moja la magurudumu na moja la plastiki lenye mirabamiraba, lile ambalo nyumbani kwao huitwa shangazi kaja. Begi la magurudumu lilipowekwa kwenye mzani, likasoma kilo 34.

Dada wa kaunta alikuwa mpole. Alieleza kwamba mtu akizidisha kilo 23 anaweza kulipa, lakini kilo 32 hazivukwi, hata mtu awe na fedha kiasi gani. Mama akapiga magoti sakafuni, akafungua zipu, akaanza kuhamisha viatu. Nyuma yetu alisimama bwana mmoja aliyevaa suti, anavuta kisanduku kisichozidi ukubwa wa mto wa kulalia. Akamwuliza mama kwa utani kama anahama nyumba. Mama hakumjibu yeye. Alitugeukia sisi, akasema, "Mwambieni na mimi niko kwenye safari ya kikazi."

Hakuna aliyemwambia. Tuliona haya, na tukisema kweli hatukuona haya kwa sababu ya yule bwana peke yake. Tulilionea haya lile begi. Makala hii ni jibu tulilochelewa kulitoa.

Tulipoanza kusoma tulidhani tutaandika historia ya masanduku kwa jumla. Maduka ya London yana rafu nzima za mabegi ya safari za kikazi, na kwenye picha zake msafiri ni yule yule siku zote: ana kompyuta, ana shati moja la akiba, na ana haraka. Tulitaka kujua wafanyabiashara wa kwetu walichagua nini cha kubebea walipokuwa wakisafiri kwa miezi. Tukakutana na namba ambayo haikututoka tena akilini.

Katika karne ya 19 bidhaa za pwani yetu zilipimwa kwa frasila. Kipimo hiki kilitofautiana kidogo kwa mahali na kwa bidhaa, lakini kwa kawaida frasila moja ilikuwa ratili 35 za Kiingereza, karibu kilo 16. Wafanyabiashara wa misafara waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji walikuwa na kanuni inayojulikana na kila mtu: mzigo wa mpagazi mmoja ni frasila mbili. Henry Morton Stanley, aliyetoka Bagamoyo mwaka 1871, anataja kiasi hicho hicho, ratili 70. Tulichukua simu tukapiga hesabu. Ratili 70 ni kilo 31 na robo tatu. Ukizikamilisha, ni kilo 32, zile zile ambazo dada wa kaunta alisema hazivukwi.

Hatusemi kwamba mashirika ya ndege yaliiga kanuni ya Bagamoyo. Sababu tunavyoielewa ni nyepesi zaidi. Kilo 32 zimewekwa kwa ajili ya migongo ya watu wanaopakia mizigo kwenye ndege, ambao abiria hawaoni. Frasila mbili nazo ziliwekwa kwa ajili ya bega la mtu. Mgongo wa binadamu haujabadilika sana tangu siku za misafara, na kila anayeupima kwa umakini hufika karibu na jibu lile lile.

Basi mfanyabiashara wa Bagamoyo alichagua vipi? Kwanza lazima tuelewe kwamba mzigo wake haukuwa nguo za kubadilisha. Ulikuwa fedha. Bara hakukuwa na sarafu iliyokubalika njia nzima, kwa hiyo mtu alinunua chakula, alilipa hongo kwa watemi na alinunua pembe za ndovu kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo ilihesabiwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Iliyotakiwa sana ni merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho jina lake linataja kilikotoka, kwa maana Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Zanzibar tangu mwaka 1833. Kulikuwa pia na kaniki, nguo ya buluu iliyoiva.

Shanga zilikuwa taabu zaidi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake hapa London mwaka 1860, anasema aina zake zilifika kama 400, na nyingine zilikuwa na majina matatu au manne. Stanley anaeleza hatari yenyewe vizuri: shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo lakini kwingine zilikataliwa, na zile kubwa zilizopendwa Ujiji hazikuwa na thamani mahali pengine. Mtu aliyekosea kuchagua Zanzibar angejikuta miezi mitatu baadaye ana mizigo kumi isiyoweza kununua kibaba cha mtama. Stanley mwenyewe hakujua, akaenda kuwauliza wafanyabiashara wa Kiarabu wa Zanzibar, na kwa hili tunampa sifa. Wasomi wa leo wangeita utafiti wa soko. Mama wa mwenzetu huuita kupiga simu Kariakoo kabla ya kununua chochote.

Halafu kufunga. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo tulipofurahi kuliko kwingine. Nguo zilikunjwa zikakazwa kwa kamba ya usumba mpaka zikawa kitu kigumu kirefu kama mto wa mviringo, karibu futi tano. Robota hilo liliitwa mtumba. Kwa mujibu wa Burton, wakati wa mvua mtumba ulivikwa mkeka, kisha ukafungwa kwenye vijiti vitatu vilivyoushika kama mtoto katika mbeleko. Kijiti cha kati kilizidi urefu wa mtumba, na mwisho wake kilikuwa na panda. Panda hiyo ilimwezesha mpagazi kuuegemeza mzigo kwenye mti au ukutani bila kuulaza chini kwenye unyevu, na asubuhi kuuingiza begani bila kuinama mpaka ardhini. Aliyebuni hivyo hajulikani kwa jina. Tunaamini alikuwa mbebaji mwenyewe, kwa sababu mwenye mali asingejua mahali hasa mgongo unapouma.

Kila bidhaa ilikuwa na mfungo wake. Shanga zilitiwa katika mifuko mirefu myembamba. Nyaya zilizungushwa zikawa duara, zikatundikwa ncha mbili za mti, mtindo wa mzegazega. Pembe kubwa za ndovu hazikukatwa kufuata kanuni ya frasila mbili, bali zilipewa wanaume wenye nguvu kuliko wote, na hao walitembea wakijivuna.

Walimu wetu watakuwa wameshatambua neno. Mtumba, wingi mitumba. Leo ukitamka mitumba, kila Mtanzania na kila Mkenya anafikiria nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikauzwa Gikomba au Karume. Neno limehama kutoka kwenye kifurushi likaingia kwenye kilichomo. Na kwa kuwa kifurushi kilibaki bila jina, wafanyabiashara wakachukua la Kiingereza, wakaliita belo. Belo la Gikomba kwa kawaida lina kilo 45, zaidi ya kanuni ya Bagamoyo kwa kilo 13, na bado wapo vijana wanaolibeba mgongoni kutoka kwenye lori mpaka kibandani. Sehemu ya nguo hizo hutoka mitaani kwetu hapa, kwenye maduka ya hisani tunakonunua makoti ya baridi. Kati yetu wawili wamewahi kumkuta binamu Nairobi amevaa fulana ya shule ya London.

Tuwarudie wapagazi, kwa sababu hapa tuligombana. Mmoja wetu alisema hatuwezi kusifia ufungaji wa mizigo ya watu waliofanya biashara ya utumwa. Ni kweli kwamba njia zile zile zilipitisha watumwa, na kwamba Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyetuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, hakuficha vita na utekaji wake. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wapagazi wa pwani walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilichukuliwa na mabwana zao. Lakini tukasoma kitabu cha Stephen Rockel cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, naye anaonyesha kwamba wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa vibarua huru waliouza kazi yao kwa mapatano. Walikuwa na kanuni zao za urefu wa siku, za posho na za uzito. Ukizivunja walitua mizigo wakagoma, au waliondoka usiku. Frasila mbili hazikuwa huruma ya tajiri. Zilikuwa mpaka uliolindwa na wenye mabega. Na juu ya frasila hizo kila mmoja alibeba mkeka wake, chungu, chakula na silaha, vitu ambavyo havikuingia kwenye hesabu ya mtu. Mwenzetu hakuridhika kabisa, na hatukumlazimisha.

Kuna mtumba mmoja uliofika London, nao uko Westminster mpaka leo.

David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu waliokuwa naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua kumrudisha kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa siku 14, wakauzungushia kitambaa, wakautia ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima, wakashonea turubai ya tanga juu yake na kuipaka lami. Mzigo huo ulifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili. Oktoba walifika Unyanyembe. Huko Mwingereza aliyeitwa Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, wakakataa.

Mbele zaidi, mahali panapoitwa Kasekera, walisikia kwamba maiti haitaruhusiwa kupita. Hapo ndipo ujuzi wa kazi ulipowasaidia. Walilitoa gome, wakaufunga mwili upya ukafanana kabisa na mtumba wa kawaida wa nguo. Kisha wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakawapa wenzao wachache warudi nayo kuelekea Unyanyembe mbele ya macho ya watu, kana kwamba wamekubali kuzika huko. Wenzao walipoingia porini waliyatupa mabua kidogo kidogo, wakarudi kwa siri kujiunga na msafara. Mtumba ulipita, na hakuna aliyeutazama mara mbili, kwa kuwa njia ile ilikuwa imeona maelfu kama huo. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Aprili mwili uliletwa Southampton kwa meli, akiusindikiza Jacob Wainwright, mmoja wa waliokuwapo. Ulilazwa kwanza katika jumba la Chama cha Kifalme cha Jiografia, wakati huo likiwa Savile Row, mtaa ambao sasa matajiri hushonea suti za safari zao za kikazi. Tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey. Chuma na Susi hawakuwapo mazikoni. Waliletwa Uingereza baadaye mwaka huo, wakamsaidia Horace Waller kuandaa shajara za mwisho za marehemu. Chama cha Jiografia kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya watu wa msafara ule, lakini zilipofika Afrika ya Mashariki wengi wao walikuwa wameshatawanyika, na hawakuzipokea. Tulikwenda Westminster Jumapili moja. Maandishi ya jiwe la kaburi yanasema Livingstone aliletwa na mikono ya waaminifu kutoka nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hayamo.

Baharini mambo yalikuwa tofauti, tutayapita upesi. Chombo hubeba uzito bila kulalamika, kwa hiyo mabaharia walipenda kasha la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba, mengi yakitengenezwa India, na ambalo leo watalii hununua kama kasha la Zanzibar. Kasha lilikuwa kiti, kitanda na duka. Alan Villiers aliyesafiri kwa jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 mpaka Lamu, Mombasa, Zanzibar na Rufiji aliandika kwamba kila baharia alikuwa na kasha lake lenye bidhaa zake mwenyewe, nayo ilikuwa sehemu ya faida ya safari. Picha zake zimo katika makumbusho ya bahari ya Greenwich. Mmoja wetu, ambaye wazazi wake walikulia Muscat, anasema kasha la babu yake bado lipo sebuleni, limejaa chaja za simu.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kigoma mwaka 1914, na mtu angedhani kazi ya bega imekwisha. Ikaja vita. Waingereza na Wajerumani walipopigana Afrika ya Mashariki, silaha na chakula vilikwenda kwa vichwa vya watu. Waliochukuliwa kwa upande wa Waingereza waliitwa kikosi cha wabebaji, Carrier Corps, na mahali walipopiga kambi Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo. Nairobi pana Kariokor. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 wa himaya, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi inafika 350,000. Waziri wa ulinzi aliomba radhi bungeni mwezi wa Aprili mwaka huo. Kabla ya kuandika makala hii wengi wetu tulijua Kariakoo kama mahali pa kununulia vitenge tu. Tumetamka jina la wabebaji hao maisha yetu yote bila kujua.

Magurudumu yalikuja lini? Yamechelewa kwa namna ya kushangaza. Mmarekani Bernard Sadow alipata wazo mwaka 1970 akiwa anarudi kutoka likizo na masanduku mawili mazito, na hataza yake ilitoka mwaka 1972. Maduka kadhaa yalimkatalia kwanza. Sanduku la kusimama lenye mkono wa kuvuta lilibuniwa na rubani Robert Plath mwaka 1987. Wanadamu walifika mwezini kabla ya begi la magurudumu kuenea. Maelezo ya kawaida ni kwamba wanaume waliona kuvuta ni udhaifu. Huenda. Sisi tunaongeza jingine: kwa muda mrefu watu wenye uwezo wa kununua masanduku mazuri hawakuyabeba wenyewe. Stesheni za London zilijaa wachukuzi wa mizigo. Walipopungua, ndipo mwenye sanduku alipoujua uzito wake, na dawa ikapatikana. Panda ya mtumba ilikuwepo zaidi ya miaka mia moja kabla, kwa sababu aliyebeba na aliyefikiri alikuwa mtu mmoja.

Mama alirudi Januari. Tulikwenda kwake na makala hii ikiwa nusu, tukamsomea. Sehemu ya Livingstone alitaka irudiwe, akacheka sana kwa ajili ya mabua ya mtama, kisha akanyamaza. Tulipomsomea habari za panda alisema, "Ndiyo magurudumu yao hayo." Kuhusu yule bwana wa Heathrow hakukumbuka hata kidogo, au alijifanya hakumbuki.

Tulimwuliza yeye huchagua begi vipi. Alisema magurudumu yawe mawili makubwa, si manne madogo, kwa sababu barabara ya Kariakoo haina marumaru. Begi lenyewe lisizidi kilo tatu likiwa tupu, kwa kuwa kila kilo ya begi ni jozi mbili za viatu vya watoto zilizobaki London. Zito liwe chini upande wa magurudumu. Shangazi kaja hukunjwa ndani ya begi wakati wa kwenda, hufunguliwa wakati wa kurudi, na hufungwa kamba mara mbili hata kama zipu ni nzima. Na jina liandikwe ndani pia, maana karatasi ya nje hung'oka.

Alikuwa anajiandaa kwa safari ya Machi, na mzani wake mdogo wa ndoano ulikuwa mezani. Alituamuru tulinyanyue begi watu wawili, naye akavaa miwani kusoma.

"Ngapi, Mama?"

"Thelathini na moja na nusu," alisema. Akaingiza mkono kwenye mfuko uliokuwa pembeni, akatoa kandambili za mtoto mchanga, akazichomeka ubavuni mwa begi, akafunga zipu.

Wanachama wa Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili, mwaka wa pili